Fuata Besi: Namna ya Kupanga Nyimbo za Fanki, Popu na Sinthipopu kwa Wikiendi ya Mapumziko

Wikiendi isiyo na safari, msiba wala mwaliko wa harusi ni kitu adimu, na mtu akiipata haifai aiharibu kwa kuiachia simu imchagulie muziki. Mwongozo huu ni wa yule atakayekuwa nyumbani tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili usiku, mwenye kazi chache za mikono na saa nyingi za kukaa, anayependa fanki ya Marekani ya miaka ya 1970, popu ya miaka ya 1980, na sinthipopu, yaani popu ya sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti zake vyenyewe, iliyochipuka Ujerumani na Uingereza katika miongo hiyohiyo. Nimezipanga nyimbo za namna hii kwa miaka mingi, na kanuni ninayoitumia ni moja tu: nafuata besi, ile sauti nzito ya chini.

Sababu yake ni hii. Sauti ya mwimbaji hulivuta sikio, lakini besi ndiyo inayouamulia mwili ukae vipi, utembee au ulale. Tena safari ya aina hizi tatu za muziki yenyewe ni safari ya besi: katika fanki ilipigwa kwa vidole na dole gumba juu ya nyuzi nne, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kuhamia kwenye vibonyezo vya sinthesaiza, na ilipofika kwenye sinthipopu, mara nyingi ikakabidhiwa mashine iirudie bila kuchoka. Anayepanga nyimbo zake kwa kuifuata safari hiyo hahitaji kujua aina ya wimbo inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, kwa kuwa mguu wake utakuwa umeshavuka.

Hatua ya kwanza: tayarisha spika kabla ya kuchagua wimbo hata mmoja

Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika iliyomo ndani ya simu ni ndogo mno kuweza kuitoa sauti hiyo. Unachosikia pale ni kivuli chake tu. Tafuta spika ya nje, hata ile ndogo ya kuchaji, au redio yenye tundu la waya, kisha isogeze karibu na ukuta, kwa sababu ukuta, na zaidi pembe ya chumba, huongeza nguvu ya sauti za chini bila kukulazimu kupandisha sauti yote na kuwasumbua majirani. Ikiwa besi inavuma hadi maneno ya mwimbaji yanapotea, ivute spika mbele kiasi cha hatua moja. Usiiweke juu ya kabati la vyombo, maana vikombe vitaitikia kila pigo.

Baada ya hapo fungua programu yako ya muziki na uzime uchezaji wa kubahatisha, la sivyo kazi yote utakayoifanya hapa chini itapotea. Washa pia usawazishaji wa sauti kama upo, kwa kuwa rekodi nyingi za miaka ya 1970 zina sauti ya chini kuliko za karne hii, na haipendezi kuinuka kila dakika nne kwenda kurekebisha. Nyimbo zote zipakue Ijumaa usiku. Muziki wenye ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia kama megabaiti 1.2 kwa dakika, hivyo saa tatu zitakula megabaiti 216 hivi, na ukishazipakua bando halitakukatikia katikati ya wimbo.

Jambo moja la kuangalia wakati wa kupakua ni urefu. Nyimbo nyingi za fanki na disko zilikatwa ili zitoshee redioni, na kilichokatwa mara nyingi ni kile kipande kirefu ambamo besi, gitaa na ngoma hubaki peke yao. “Good Times” ya Chic, kwa mfano, ni zaidi ya dakika nane kwenye albamu yake ya 1979, lakini toleo la santuri ndogo halifiki hata dakika nne. Kwa siku ya haraka fupi inatosha. Kwa wikiendi ya uvivu chagua ndefu kila inapopatikana. Nilipoanza kupanga nyimbo hivi nilipakua matoleo mafupi bila kujua, na orodha niliyodhani ingenifikisha adhuhuri iliisha saa nne na nusu asubuhi, ndoo ya kudekia ikiwa bado mlangoni.

Hatua ya pili: hesabu mapigo

Huhitaji chombo chochote. Weka kiganja kwenye paja, piga pamoja na ngoma kwa sekunde 15, kisha zidisha hesabu yako mara nne; hayo ndiyo mapigo kwa dakika. “Lovely Day” ya Bill Withers itakupa kama 98, “Good Times” kama 111, na “Blue Monday” ya New Order 130. Andika namba hiyo mbele ya kila wimbo, na katika kupanga usiruhusu nyimbo mbili zinazofuatana zipishane kwa zaidi ya mapigo 10 hivi. Ukilazimika kuruka zaidi ya hapo, weka katikati wimbo unaoanza bila ngoma, kwa sababu sikio likipumzika hata kwa sekunde chache husahau mwendo uliotangulia na kuupokea mpya bila kushtuka.

Namba peke yake haitoshi, hata hivyo. “Everybody Wants to Rule the World” ya Tears for Fears, ya mwaka 1985, ina mapigo yanayokaribiana sana na ya “Good Times”, lakini kila pigo lake limegawanyika sehemu tatu badala ya mbili au nne, ndiyo maana wimbo mzima unayumbayumba kama mtu anayetembea bila haraka ufukweni. Ukiubandika moja kwa moja baada ya fanki iliyokazwa, mmoja kati ya nyimbo hizo utaonekana umekosewa. Mimi nauhifadhi hadi Jumapili.

Hatua ya tatu: Jumamosi asubuhi, besi ya vidole

Anza na besi laini iliyochezwa na binadamu, isiyodai chochote. “Smooth Operator” ya kundi la Sade, iliyotoka 1984, inafaa wakati chai iko mekoni: mwimbaji wake, Sade Adu, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, haimbi kwa nguvu, na besi ya Paul Denman inasogea chini yake kwa upole huku tumba zikijaza nafasi iliyobaki. Fuatisha “Lovely Day” ya 1977. Karibu na mwisho wake Withers anaishikilia noti moja kwa takriban sekunde 18 bila kupumua, nami napendekeza usimame, chochote unachokifanya, uisikilize mpaka imwishie pumzi.

Kisha weka “Kalimba Story” ya Earth, Wind & Fire, ya mwaka 1974. Kiongozi wa kundi hilo, Maurice White, aliipenda kalimba kiasi cha kuipandisha jukwaani mbele ya tarumbeta na magitaa ya umeme, na msikilizaji wa Tanzania hatapata shida kuitambua sauti yake, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma. Vile vyuma vidogo vinavyobonyezwa kwa dole gumba vikikaa juu ya besi ya fanki vinasikika kama vilitengenezewa kazi hiyo. Ni wimbo usiopigwa sana redioni, na ningefurahi kama mwongozo huu ungekufanya uupakue huo mmoja tu.

Hatua ya nne: kazi za mikono, na utawala wa pigo la kwanza

Saa za kufagia, kupiga deki na kufua ndizo zinazoihitaji fanki yenyewe. Hapa inafaa ujue siri yake. James Brown, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, aliwafundisha wanamuziki wake kuliwekea uzito pigo la kwanza la kila duru ya mapigo manne, na vyombo vyote, hata gitaa na tarumbeta, vikawa vinafanya kazi ya ngoma. Tafuta pigo hilo la kwanza kwa sikio, kisha vuta tambara la deki kila linapotua. Baada ya dakika chache mkono utakuwa unakwenda wenyewe na sakafu itakuwa imekwisha kabla hujaanza kulalamika.

Mpangilio wangu wa saa hizi unapanda taratibu. Naanza na “Superstition” ya Stevie Wonder, ya 1972, yenye mapigo kama 100. Ngoma unazozisikia mwanzoni amezipiga yeye mwenyewe, na kile kinachokwaruza kama gitaa ni klavineti, kinanda chenye nyuzi ndani yake. Na hata besi si gitaa, bali ni sinthesaiza ya Moog, tena kaipiga yeye mwenyewe. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji jioni.

Unaofuata ni “Another One Bites the Dust” ya Queen, ya 1980. Wengi Afrika Mashariki wanaupenda kwa sababu ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na ni haki yao kujivunia. Lakini aliyeutunga ni mpiga besi wa kundi, John Deacon, na besi yenyewe ina undugu wa wazi na ile aliyoipiga Bernard Edwards katika “Good Times”, mwaka mmoja kabla. Ndiyo sababu nauweka wimbo wa Queen kwanza na wa Chic baada yake: ukishaizoea noti moja inayogonga mara tatu katika ule wa kwanza, utaisikia katika wa pili ikiwa na mwendelezo, ikipanda na kuteremka, nawe utaelewa kwa nini wanamuziki wengi waliikimbilia.

Kutoka “Good Times” nenda “Get Lucky” ya Daft Punk, ya 2013, mapigo 116. Umri umepishana miaka 34 lakini gitaa ni la mtu yuleyule, Nile Rodgers, aliyeanzisha Chic pamoja na Edwards, na mkono wake wa kulia haukubadilika. Malizia na “September” ya Earth, Wind & Fire, ya 1978, yenye mapigo kama 126. Wimbo huo haufai kuwekwa mwanzoni mwa siku. Ni wa kufungia kazi, nguo zikiwa kwenye kamba na jasho likiwa bado mgongoni.

Wakati wa chakula cha mchana zima muziki. Sikio lisilopata kimya hata mara moja huchoka bila mwenyewe kujua, na alasiri itakosa ladha.

Hatua ya tano: alasiri, mashine zinazopumua

Baada ya kula, besi inaruhusiwa kulegea, na wenzake wanaoifaa zaidi ni mashine za ngoma, vile vifaa vinavyojipigia mdundo vyenyewe, za mwendo wa pole. “Family Affair” ya Sly and the Family Stone, ya 1971, ni kati ya nyimbo za mapema zilizoshika namba moja Marekani zikiwa zimebebwa na mashine ya namna hiyo, wakati ambapo vifaa hivyo vilitengenezewa wapiga kinanda wa majumbani. Baada yake weka “I Can't Go for That” ya Daryl Hall na John Oates, ya 1981, kisha “Computer Love” ya Zapp, ya 1985, ambamo Roger Troutman anaipitisha sauti ya kinanda ndani ya mrija hadi mdomoni na kuifanya izungumze.

Marvin Gaye alirekodi “Sexual Healing” mwaka 1982 akiishi Ostend, Ubelgiji, kwa mashine ya ngoma ya Roland TR-808, na kwa upande wa sauti peke yake hakuna wimbo unaoifaa alasiri kuliko huo. Lakini maneno yake ni ya watu wazima, na nyumba zetu si za mtu mmoja. Siku moja shangazi yangu alifika bila taarifa wakati unapigwa, na kwa kuwa anakijua Kiingereza vizuri kuliko mimi, tulikaa dakika tatu ambazo sitaki zijirudie. Pitia maneno ya kila wimbo kabla ya kuuingiza kwenye orodha itakayosikika sebuleni, kwa maana fanki na popu zina mengi ya namna hiyo.

Hatua ya sita: Jumamosi jioni, kuvuka daraja

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa, kwa sababu hapa besi inaacha nyuzi na kuingia umeme, kama “Superstition” ilivyotudokeza asubuhi. Daraja lenyewe ni “Flash Light” ya Parliament, iliyotoka kwenye albamu yao ya 1977. Bernie Worrell aliipiga besi yake kwa Minimoog, sinthesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1970, na aliipinda na kuiteleza kwa namna ambayo gitaa lisingeweza. Ukiwa na spika nzuri utasikia kwamba haina mwanzo mkali wa uzi unaovutwa. Inavimba, inanata, kisha inaachia. Wimbo bado ni fanki tupu, pigo la kwanza bado ni mfalme, ila chombo ni kingine. Pandisha sauti kidogo hapa, hata kama hujapandisha mahali pengine popote.

Kutoka hapo vuka hadi Sheffield, Uingereza, kwa “Don't You Want Me” ya The Human League, ya 1981. Ngoma zake zinatoka kwenye Linn LM-1, mashine ya mwaka 1980 iliyohifadhi ndani yake sauti zilizorekodiwa kutoka ngoma halisi. Kisha weka “When Doves Cry” ya Prince, ya 1984, aliyeitumia mashine hiyohiyo, lakini akafanya jambo ambalo kwa mwongozo wa aina hii ni kama uasi: aliiondoa besi kabisa. Mara ya kwanza utadhani spika imeharibika. Acha uendelee. Kukosekana kwake kunaliachia sikio njaa, na njaa hiyo ndiyo sababu ya kuuweka wimbo huu mahali hapa na si pengine. Tena unaanza kwa gitaa peke yake bila ngoma, kwa hiyo unakuruhusu kuruka mapigo bila kuvunja kanuni ya hatua ya pili.

Sasa ishibishe njaa. “I Feel Love” ya Donna Summer, iliyotengenezwa Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte mwaka 1977, ni besi ya mashine kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karibu kila kilichomo kilitoka kwenye sinthesaiza kubwa ya Moog, isipokuwa sauti ya mwimbaji na ngoma nzito ya mguuni iliyopigwa na Keith Forsey. Nyimbo nyingi za sinthipopu zilizokuja baadaye zina deni kwa wimbo huo. Fungia jioni kwa “Blue Monday” ya 1983, toleo la santuri kubwa la zaidi ya dakika saba, ambamo besi ya mashine inagonga chini huku Peter Hook akipiga gitaa la besi juu yake, kwa nyuzi nyembamba, kama mwimbaji wa pili. Besi mbili, ya mtu na ya mashine, katika wimbo mmoja: baada ya kuifuata tangu asubuhi, utazisikia zikitenganishika wazi.

Hatua ya saba: Jumapili

Jumapili haihitaji mpango mrefu. Kabla ya jambo lolote futa kwenye orodha kila wimbo uliouruka jana, hata kama ni maarufu, na usijitetee. Asubuhi waachie wanaokwenda ibadani, kisha alasiri anza na “Only You” ya Yazoo, ya 1982, ambamo Alison Moyet anaimba kwa joto juu ya vinanda vya Vince Clarke visivyo na ngoma nzito. Baada ya hapo ndipo “Everybody Wants to Rule the World” inapopata nafasi yake, jua likiwa limeshuka na watu wakiwa barazani.

Giza likiingia, weka “Liberian Girl” ya Michael Jackson, kutoka albamu ya 1987. Mwimbaji wa Afrika Kusini, Letta Mbulu, anaufungua kwa maneno machache ya mapenzi ya Kiswahili, ingawa Liberia haizungumzi Kiswahili na iko upande wa pili wa bara. Matamshi yameyumba kidogo, lakini nikikumbuka kwamba maneno hayo yalisikika kwenye mamilioni ya nyumba ambazo hazijawahi kuisikia lugha yetu, moyo wangu hufunguka kila mara. Besi yake ni ya taratibu na ya kina, na hautakiwi kufuatiwa na wimbo wenye kelele.

Ninaoufuatisha ni “Neon Lights” ya Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, kutoka albamu yao ya 1978. Unazungumzia taa za mji usiku, maneno yake ni machache, na baada ya kuimbwa vinanda vinaendelea peke yake kwa muda mrefu, vikizungukazunguka juu ya mdundo usiobadilika. Wote ni dakika tisa hivi. Punguza sauti hadi besi isikike kwa shida, na uweke kipima muda cha simu kiuzime muziki baada ya dakika 10, ili orodha isirudi mwanzoni ukiwa umeshalala.